Pasta Alileta Picha za Nje Tu

Pasta wetu alipotoka Ugiriki alikuwa mtu mwingine. Alikuwa ameenda na wachungaji wenzake kutembea njia alizopita mtume Paulo. Kanisa zima lilichanga kumpeleka. Mimi mwenyewe nilitoa mahindi debe mbili. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi alitundika shuka nyeupe ukutani, akawasha mashine ya picha, na tukaona Korintho.

Nimesikia Korintho tangu nikiwa msichana, na kichwani mwangu palikuwa mahali pa mawingu na malaika. Kumbe ni kilima cha mawe na nyasi kavu, kama malisho ya Januari ambayo mbuzi wameshapita. Katikati zimesimama nguzo saba za mawe, kila moja nene kama tangi la maji, zimebeba juu jiwe refu ambalo halibebi kitu. Ukuta hakuna, paa hakuna. Mbele kuna kamba ya kuzuia watu.

"Nguzo hizi," Pasta akasema, "Paulo aliziona kwa macho yake mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikainua mkono.

"Pasta, hilo lilikuwa kanisa?"

"Hapana, Mama. Lilikuwa hekalu la sanamu."

"Sasa Paulo aliingia kufanya nini?"

"Hakuingia. Alipita akaona."

"Kama mimi na supamaketi," mama mmoja akasema kutoka nyuma, na kanisa likacheka mpaka Pasta naye akacheka. Halafu akazima mashine, akatuambia kwamba Mungu amempa maono. Tutabomoa kanisa letu la mbao na kujenga jingine lenye nguzo kama zile. Hakuna kanisa kama hilo mtaa wetu wote wa Munyaka, wala Eldoret yote.

Hapo mimi sikucheka tena, kwa sababu kanisa hilo la mbao lilijengwa na mzee wangu.

Niseme wazi, nisionekane kama mwanamke wa kung'ang'ania mbao kuukuu. Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alikuwa seremala, na alikuwa amekufa miaka mingi kabla ya maono ya Pasta. Hakuacha shamba la kuonyesha watu. Picha yake ninayo moja tu, ile ya kitambulisho, na hata hiyo amekunja uso kama anayedaiwa. Alichoacha ni kanisa. Nguzo zake zilikuwa kumi na mbili, za mti wa mtarakwa. Alikwenda mwenyewe msitu wa Timboroa kuzichagua, enzi ambazo ukiwa na kibali unaruhusiwa kukata. Zililetwa kwa trela ya trekta. Alizichonga kwa tezo pale kiwanjani, na mimi nilikuwa nampelekea chakula, mtoto mgongoni, nikikanyaga maganda mekundu yenye harufu tamu mpaka viatu vyangu vikanukia mtarakwa.

Hakutumia msumari kwenye nguzo. Kila nguzo alitoboa tundu la mraba, ulimi wa boriti ukaingia ndani, kisha akapiga kigingi cha mti mgumu kikashika vyote viwili. Kigingi hakukikata kikawa sawa na mbao. Alikiacha kimetokeza kidogo, kama chuchu ya ng'ombe. Nilimuuliza kwa nini anaacha kazi ikiwa na chuchu. Akaniambia mbao ikikauka inasinyaa, na fundi lazima arudi baada ya kiangazi kimoja au viwili agonge tena. Na alirudi. Tulikuwa tukiimba, naye anazunguka na nyundo akisikiliza nguzo.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilisimama tena, mbele ya kanisa lote. Nilisema bomoeni, siwezi kuwazuia, lakini nguzo kumi na mbili ziwekwe ndani ya hilo jengo jipya, hata kama hazitabeba kitu. Mtu aingie azione. Pasta akasema, "Amina, Mama, hilo nakuahidi." Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa upande wa Turbo, akaandika kwenye kitabu. Nilimwona akiandika. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mtu akiandika najua anaandika.

Wiki ile mjukuu wangu alikuja nyumbani. Huyu ni mtoto wa kike wa binti yangu wa pili, anasomea uchoraji wa majengo chuo kikuu hapa hapa mjini, na nisipomsifu mimi nani atamsifu? Aliingia chuoni na alama ambazo watoto wa walimu walizikosa. Ananiita Kogo, kama nyanya wote wa kwetu wanavyoitwa. Nikamwambia habari za Korintho. Akacheka sana.

"Kogo, Pasta anajua hekalu la Wagiriki lilifanya kazi gani?"

"Si la kuabudu sanamu?"

"Ndiyo, lakini watu hawakuingia. Ndani ni chumba kidogo tu cha sanamu, giza. Madhabahu ilikuwa nje. Watu wote walisimama nje, mvua, jua. Nguzo ni za kupendeza ukiwa nje."

"Sasa Pasta amejua aje ndani kukoje?"

"Hajui. Si umesema kulikuwa na kamba? Alileta picha za nje tu."

Kisha akatoa kitabu chake kikubwa cha shule, akafungua kurasa za mahekalu, tukaweka chai kando. Hilo la Korintho halikuwa na kitu juu ya lile jiwe refu, lakini mengine yalikuwa yamebaki mpaka kwenye paa. Alinionyesha jinsi nguzo inavyokuwa nene chini na nyembamba juu, na katikati imevimba kidogo sana, kama mtu aliyebeba gunia anavyokaza tumbo. Nilipenda hilo. Halafu nikaona kitu juu ya nguzo. Palikuwa na mstari wa mawe yaliyotokeza, moja hapa, moja pale, yamepangwa sawasawa, kila moja limechanjwa mistari ya kusimama. Na chini ya kila moja kulikuwa na safu ya vitu vidogo vinavyoning'inia.

"Hivi ni vichwa vya boriti," nikasema.

Mjukuu akaniangalia.

"Na hizi chuchu hapa chini ni vigingi. Fundi hakuvikata."

"Kogo, nani amekuambia?"

"Nani aniambie? Si niliolewa na seremala."

Akashika kichwa. Akasema mwalimu wao alichukua asubuhi nzima kuwaeleza jambo hilo, na wengine mpaka leo hawajaelewa. Mahekalu ya kwanza kabisa yalikuwa ya mbao. Baadaye watu wakapata mawe, wakapata utajiri, wakajenga kwa mawe, lakini wakachonga kwenye jiwe zile boriti na vile vigingi, kama zilivyokuwa kwenye mbao.

"Lakini jiwe halihitaji kigingi," nikasema.

"Halihitaji."

"Basi kwa nini wakachonga?"

"Wasomi wanabishana, Kogo. Wengi wanasema ni kwa sababu hekalu lilikuwa hivyo tangu mababu, na wajukuu hawakutaka lionekane vingine."

Akaniambia pia juu ya hekalu moja la zamani sana, la mke wa mungu wao mkubwa. Lilikuwa na nguzo za mti. Kila nguzo ya mti ilipooza, waliitoa hiyo moja tu, wakaweka ya jiwe, na zile nyingine wakaziacha mpaka siku yao ifike. Kwa hiyo leo nguzo zake hazifanani, kila moja ilichongwa na watu wa wakati wake. Msafiri mmoja alipita huko miaka mamia na mamia baadaye, akakuta nguzo moja ya mti bado imesimama katikati ya zile za mawe.

Nilikifunga kile kitabu nikawaza. Watu wasiomjua Mungu, wenye sanamu, wanatoa nguzo ya seremala moja moja, kama mtu anayeng'oa jino la mtoto. Nikajiambia, sisi tuliookoka tutafanya vizuri kuliko hao. Nilijiambia hivyo kwa moyo mweupe kabisa.

Kanisa lilibomolewa kwa siku mbili. Sikwenda kutazama. Ujenzi ulichukua muda mrefu, na siku ya kufungua, magari yalijaa mpaka barabarani. Nguzo zilikuwepo, tena nyingi, mbele, nyuma, kushoto, kulia, za simiti, zimepakwa rangi nyeupe. Kwa mbali ni kitu cha kutisha kwa uzuri, siwezi kusema uongo. Lakini kiwanja chetu ni kidogo. Ukishaweka nguzo kuzunguka pande zote, na baraza nyuma ya nguzo, kinachobaki ndani ni chumba. Niliingia nikashangaa. Viti vya wageni vilikuwa vimepangwa, na vya wazee wa kanisa, na vya kwaya, na mimbari kubwa kama lori. Baada ya hapo mlango.

Kijana wa itifaki akanishika mkono kwa heshima. "Mama, kina mama wako kwenye tenti."

Tenti ilikuwa nje, na spika. Tulikaa huko na watoto na wale wote ambao si wageni, tukiangalia nguzo. Mvua ya mawe ya Eldoret haina adabu. Ilikuja katikati ya mahubiri ikapiga ile tenti mpaka spika isisikike. Mama mmoja jirani yangu akavuta leso kichwani akaniuliza, "Huko ndani wanasema nini?" Nikamwambia, "Wanasema Mungu ni mwema." Tuliambiwa tenti ni ya siku hiyo tu. Mpaka ninaposimulia haya, tenti iko.

Mtarakwa wa mzee wangu sikuuona popote. Ibada ilipoisha nilimsubiri mwenyekiti karibu na gari lake, watu wakitusikia.

"Mwenyekiti, nguzo ziko wapi?"

"Ziko stoo, Mama. Tunatafuta fundi mzuri wa kuzisimamisha. Hatutaki haraka."

Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru.

Sisi kina mama tuna zamu ya maombi, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Zamu ilifika kwa mke wa mwenyekiti. Tulishuka barabara ya Turbo, tukatembea kando ya malisho yake. Fensi ilikuwa mpya, seng'enge inang'aa. Mimi natembea polepole siku hizi, magoti, kwa hiyo wenzangu walinipita, na ndiyo sababu niliona. Ng'ombe mmoja alikuwa anajikuna shingo kwenye posti. Nikasimama kumtazama, na kwenye posti hiyo, usawa wa jicho la ng'ombe, palikuwa na tundu la mraba. Ndani ya tundu bado kulikuwa na kipande cha ulimi wa boriti, na kigingi kimetokeza.

Niliweka mkono juu ya kigingi. Ng'ombe akaendelea kujikuna.

Nikatazama posti ya pili. Ya tatu. Nikafika nyumbani kwa watu nikiwa wa mwisho, wakaniuliza kama naumwa. Nilisali na wenzangu kwa mdomo. Nilikunywa chai ya mke wa mwenyekiti, chai nzuri, maziwa mengi, na kila nikimeza ilikuwa kama kumeza vumbi la msumeno.

Kwa kweli nilitaka kurudi na panga nikate waya. Mjukuu wangu ndiye aliyenizuia. Nilipomweleza kwa simu akasema, "Kogo, usiguse kitu. Watu wa chuo hutafuta mahekalu hivyo hivyo. Mawe yake yalibebwa yakajengea watu nyumba na mazizi ya kondoo. Wanakwenda wanapima kila jiwe mahali lilipo, wanarudisha jengo kwenye karatasi." Alikuwa na kazi ya shule, kupima jengo moja la zamani. Akasema amepata jengo.

Tulikwenda siku ya kazi, asubuhi. Alikuwa na futi ndefu ya kukunja, penseli na daftari. Mimi nilishika upande mmoja wa futi. Hatujamaliza posti ya tatu, mke wa mwenyekiti akatoka mbio, leso inaanguka.

"Mama! Ni barabara? Barabara inapita hapa?"

"Hapana."

"Si mnapima! Juzi jirani alipimiwa, wiki iliyofuata tingatinga ikaja. Kama ni barabara niambie nimpigie mume wangu!"

"Mpigie," nikasema. "Mwambie ni survei ya kanisa."

Mwenyekiti alikuja na gambuti zake, uso umejaa tabasamu la kamati.

"Mama, ungeniuliza tu."

"Nilikuuliza. Ukasema ziko stoo."

"Zilikuwa stoo. Kwangu. Sasa ungetaka zikae huko ziliwe na mchwa?"

"Mchwa anakula mtarakwa?"

"Hapana, Mama, mtarakwa hauliwi. Ndiyo maana ni posti nzuri. Siku hizi huwezi kupata mtarakwa mahali popote, serikali imekataza." Akaona amejifunga mwenyewe, akabadilisha sauti. "Lakini si ziko salama? Tazama, zote zimesimama."

"Umezikata."

"Posti ni futi saba. Hizo zilikuwa kumi na nne. Zilikubali zenyewe."

Mjukuu wangu hakumtazama hata mara moja. Aliendelea kuandika. Mwenyekiti akasema, kama anayenipa zawadi, kwamba nikitaka anaweza kung'oa vipande viwili aniletee na pikapu. Nikamuuliza nifanye nini na nusu za nguzo, nizipange kitandani? Akakuna shingo. Niliona mkono wake ukikuna, na nikamkumbuka ng'ombe, na kicheko kikanitoka ambacho hakikuwa kicheko.

Tulipima mpaka saa kumi. Mjukuu alikuwa anatazama miviringo ya mti pale msumeno ulipopita juu, anasema, "Hii na ile ni ndugu," tunaziunganisha kwenye daftari. Tulipata zote ishirini na nne. Ya mwisho ilikuwa mlango wa zizi, imejaa samadi. Mwenyekiti alituletea sisi wawili soda. Mjukuu alikunywa. Ana moyo mzuri kuliko wangu.

Ile kazi ya shule ilimletea sifa. Mwalimu wake aliita walimu wengine waje waone. Mimi aliniletea nakala moja kubwa, karatasi pana kama meza, akaikunjua mbele yangu. Kanisa lilikuwa hapo, limekatwa katikati kama unavyokata mkate ili uone ndani. Kila tundu, kila kigingi kilichotokeza, benchi za kina mama upande wa kushoto. Sijui kusoma plani za majengo. Hiyo niliisoma.

Habari zikamfikia Pasta. Akaja nyumbani na mwenyekiti, wamevaa makoti ya Jumapili siku ya Jumatano. Niliwapikia chai kwa sababu sikulelewa vibaya.

"Mama," Pasta akasema, "tumeguswa sana. Tunaomba hiyo picha tuiweke kwenye kioo, pale mlangoni pa kanisa. Historia yetu. Na chini yake tutaandika jina la Mzee, kwa herufi za dhahabu."

Nitasema ukweli, moyo uliruka. Jina lake, mlangoni. Watoto wake wapite wasome, na watoto wa watoto wao. Mtu aliyeacha picha moja ya kukunja uso. Niliona hizo herufi za dhahabu mbele yangu na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye kabati.

"Mtaandika nini kingine?" nikauliza.

"Mwaka lilipojengwa. Na kwamba lilizeeka, likaondolewa."

"Lilizeeka?"

"Ni kusema tu, Mama."

"Andika ziliko nguzo. Andika zimekatwa katikati, ziko kwenye malisho ya mwenyekiti barabara ya Turbo, na ng'ombe wanajikuna nazo. Andika hivyo chini ya jina lake na picha mchukue leo."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. Pasta akatazama saa, akatazama mlango. "Mama, tusifufue maneno. Tujenge umoja."

"Umoja na nani? Mimi niko kwenye tenti."

Waliomba, wakafumba macho, wakaondoka. Chai ya mwenyekiti ilibaki nusu, ikashika utando wa malai.

Mjukuu wangu alinikasirikia, na bado hajapoa. Anasema nimemfungia babu yake kwenye kabati, mahali hakuna mtu atakayemwona, na kwamba karatasi mlangoni, hata na uongo wake, ni bora kuliko karatasi kwenye giza. Anasema wasomi wangefurahi kupata hata uongo, mradi kuna jina. Labda ni kweli. Yeye amesoma. Usiku mwingine nawaza nimwite Pasta nimwambie chukua, andika utakavyo.

Halafu nawaza mtoto mdogo anasimama pale mlangoni anasoma, anamwambia mwenzake, nguzo za huyu mzee zilizeeka. Mtarakwa. Wa Timboroa. Aliouchagua mwenyewe.

Nimemwambia mjukuu nikifa picha ni yake, afanye nayo atakavyo, hata amsamehe mwenyekiti. Mimi bado sijafa.